Mwongozo kamili: Jinsi ya kujua kama kikorombwezo cha antena kinaisaidia redio ya CB ya gari lako

"Fundi, nimefunga springi, nimefunga kile kidude cha kusawazisha, kebo nayo nimebadilisha. Mita sasa inasoma vizuri kabisa, lakini jamaa wa Kibaigwa bado hanisikii."

Maneno haya nimeyasikia kwa madereva wengi hapa Dodoma kiasi kwamba nayajua kwa moyo. Wote wanakwama mahali pamoja. Mtu anafunga vitu vitatu kwa mpigo, anaiangalia mita ya SWR (ile inayoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) kama vile ni hakimu, kisha anaondoka. Redio ikisikika vizuri zaidi, hajui ni kipi kimesaidia. Isiposikika, anaongeza cha nne.

Hapa tutakwenda kinyumenyume. Kwanza tunavua vikorombwezo vyote, tunaponya antena yenyewe, halafu tunakijaribu kifaa kimoja kimoja kwa njia isiyoruhusu macho na matumaini yako kukudanganya. Kazi yote ni asubuhi mbili.

## Vitu vya kuwa navyo

- Redio ya CB (ile ya gari kwa gari, ya kubonyeza maiki) na antena yake.
- Mita ya SWR inayofanya kazi kwenye megahezi 27. Nyingine zimetengenezwa kwa masafa ya juu zaidi, hizo zitakudanganya. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kulipa.
- Kipande kifupi cha kebo chenye plagi huku na huku, kisichozidi mita moja, cha kuunganisha redio na mita.
- Multimita ya kawaida, ile ya mafundi umeme wa magari.
- Msasa, brashi ya waya, spana, kikata waya na pasi ya risasi.
- Tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Ile nyeusi ya umeme gundi yake inalainika kwa jua la hapa, na baada ya miezi michache inakuwa mtego wa vumbi.
- Mwenzako mwenye redio kwenye gari lake, na simu ya kuwasiliana pembeni.
- Daftari, kalamu, na sarafu ya shilingi 200. Sarafu si utani, utaiona kazi yake.

Na kibali. Redio inayorusha mawimbi inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kanda ya Kati ofisi yao ipo hapa hapa Dodoma. Nenda na jina la modeli ya redio yako ukaulize kabla hujabonyeza maiki. Kwenda kuuliza hakugharimu kitu, kukamatwa kunagharimu.

## Hatua ya 1: Vua kila kitu cha ziada

Toa springi, toa kiungo cha kuchomoa haraka, toa kidude cha kusawazisha kinachokaa kati ya redio na kebo, toa stika iliyobandikwa nyuma ya redio. Libaki hili tu: redio, kebo, kitako, antena.

Sababu ni rahisi. Kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kushika kutu, na kila kifaa cha chuma kinachokaa chini ya fimbo ya antena kinaongeza urefu wake. Huwezi kumpima uzito mtu aliyebeba magunia.

Onyo: usibonyeze maiki wakati antena haijafungwa. Nguvu ikikosa pa kutokea inarudi ndani, na transista za mwisho za redio ndizo zinazoungua.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kufuata njia kwa kidole kutoka nyuma ya redio hadi ncha ya antena bila kukutana na kitu usichojua kazi yake.

## Hatua ya 2: Kitako na ethi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu magari mengi niliyoyashika ugonjwa wake ulikuwa hapa.

Mawimbi ya CB yana urefu wa mita 11 hivi. Antena iliyokamilika ya gari ni robo ya hapo, yaani mita 2.7 na kitu. Lakini hiyo fimbo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bodi ya gari. Kitako kisiposhikana vizuri na bodi (huko kushikana ndiko tunakoita ethi), antena yako ina mguu mmoja, na hakuna kidude kitakachoiotesha mguu wa pili.

Kuna dereva wa Fuso, mbeba mahindi, alinijia na mfuko wenye kidude cha kusawazisha akitaka nikifunge. Antena yake ilikuwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni, imefungwa kwa ustadi, nati zimekazwa. Nikaweka waya mmoja wa multimita kwenye chuma cha kitako, mwingine kwenye hasi ya betri. Ikasoma omu 40 na ushee, namba zinachezacheza. Nikafungua. Chini ya kitako palikuwa na rangi nzuri inayong'aa, ya kiwandani, haijawahi kuguswa na msasa. Nikakwangua pa ukubwa wa sarafu mpaka chuma cheupe, nikafunga. Bado omu sita. Ndipo nikakumbuka: mkono wa kioo umefungwa kwenye mlango, na mlango unashikana na kichwa cha gari kwa bawaba zilizojaa grisi. Nikavuta mshipi wa waya wa kusuka kutoka kwenye mlango hadi kwenye bodi. Ikashuka hadi 0.3. Kile kidude hatukukifunga. Kipo kwenye dashibodi yake hadi leo, kama pambo.

Fanya hivi:

1. Toa waya wa hasi kwenye betri ikiwa utatoboa au utakata kitu. Kisha urudishe kabla ya kupima.
2. Gusanisha ncha mbili za multimita, andika inachosoma. Hicho ni cha nyaya zake zenyewe, utakitoa kwenye kila kipimo.
3. Pima kutoka chuma cha kitako hadi hasi ya betri. Unataka chini ya omu 1, na ikikaribia sifuri ni bora zaidi.
4. Ikizidi, fungua, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga, pima tena. Kwa mlango, buti au keria iliyokaa juu ya mipira, weka mshipi wa waya wa kusuka, mfupi na mpana.
5. Pima kutoka pini ya katikati ya plagi hadi ganda lake. Antena nyingi zitaonyesha njia imekatika. Zipo ambazo kwa kuundwa kwake zinaonyesha njia imeshikana, kwa hiyo kabla hujalaumu chochote angalia karatasi ya antena yako.

Kitako cha sumaku ni habari nyingine. Chenyewe hakigusani na bodi kwa umeme wa kawaida. Kinashikana nayo kwa ukaribu tu, kupitia rangi, kwa hiyo kipimo cha tatu hakikuhusu. Kinachokuhusu ni vumbi. Barabara ya vumbi ya wiki moja inaweka unga mwekundu chini ya sumaku, ukaribu unapungua, na chembe za mchanga zinakwangua rangi ya gari lako. Kinyanyue, kifute, pafute, kirudishe. Usikiburuze.

Tukiwa hapa hapa, angalia antena imekaa wapi. Katikati ya paa inasikika karibu sawa pande zote. Ikikaa kwenye kona ya nyuma kushoto, nguvu zaidi itakwenda upande ambao bodi ni nyingi, yaani mbele kulia. Na ikiwa imejificha nyuma ya keria ya vyuma, sehemu ya chini ya fimbo, ambayo ndiyo inayofanya kazi kubwa, inafunikwa. Kuihamisha antena sentimita 40 kutoka kwenye keria ni bure, na kunashinda vikorombwezo vingi vya dukani.

Umefanikiwa ukiona: namba chini ya omu 1 ambayo haichezi hata ukikitikisa kitako kwa mkono.

## Hatua ya 3: Kebo na plagi

Ikague kebo yote kwa vidole. Tafuta mahali palipominywa na mlango, palipokunjwa kwa pembe kali, palipochunika. Fungua plagi: wavu wa shaba ukiwa mweusi au wa kijani, maji yameshaingia. Kata nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa, kisha choma plagi upya kwa risasi. Plagi ya kubana bila risasi kwenye gari linalopita rafu kila siku ni suala la muda tu.

Umefanikiwa ukiona: unaitikisa kebo karibu na plagi huku mtu akisikiliza, na sauti haikatiki.

## Hatua ya 4: Pima SWR na urekebishe urefu

Toa gari mahali pa wazi, mbali na kuta, mabati na nyaya za umeme. Hapa niseme kwa herufi kubwa moyoni: usiende kufanyia kazi hii kandokando ya reli ya SGR. Nyaya zake za juu zina volti 25,000, na wewe umeshika fimbo ndefu ya chuma. Nyaya za kawaida za mitaani nazo zina kelele na hatari yake.

Funga milango na boneti, watu wasogee. Unganisha mita kati ya redio na kebo kwa kile kipande kifupi. Kisha:

1. Chaneli 20. Sikiliza kwanza kama kuna mtu. Weka swichi ya mita kwenye FWD (nguvu inayokwenda), bonyeza maiki, zungusha kitufe mpaka mshale ufike SET. Geuza kwenye REF (nguvu inayorudi), soma, achia. Sekunde chache tu.
2. Rudia kwenye chaneli 1 na chaneli 40, ukianza na SET kila mara. Chaneli 1 ni megahezi 26.965, ya 40 ni 27.405, kwa hiyo umepima ncha mbili na katikati.
3. Linganisha. Chaneli 40 ikiwa juu kuliko chaneli 1, antena ni ndefu, ifupishe. Chaneli 1 ikiwa juu, antena ni fupi, irefushe.
4. Zote tatu zikizidi 3, usikate kitu. Hapo shida ni ethi au kebo iliyogusana. Rudi hatua ya 2.
5. Kama antena inarekebishwa kwa kukata, kata milimita tatu, pima. Kata tatu tena, pima. Ukishakata huwezi kuotesha.

Onyo: usishike antena wakati mtu amebonyeza maiki. Hata wati 4 zinaunguza ncha ya kidole, na kidonda chake kinachelewa kupona.

Umefanikiwa ukiona: chini ya 1.5 katikati, na chini ya 2 kwenye ncha zote mbili. Andika namba zote tatu kwenye daftari, na tarehe.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapotapeliwa. SWR ya 2 inamaanisha asilimia 11 ya nguvu inarudi. Ya 1.5 ni asilimia 4. Ya 3 ni asilimia 25. Ukiishusha kutoka 2 hadi 1.2, umeokoa karibu nusu desibeli (kipimo cha kulinganisha nguvu), na hakuna sikio la binadamu barabarani litakalogundua. Tunaishusha ili kuilinda redio na kujua kuwa hakuna kilichovunjika, basi.

Mita haipimi unasikika umbali gani. Inapima tu kiasi gani cha nguvu hakikurudi. Hakikurudi kwa sababu kimepaa, au kwa sababu kimeliwa njiani? Mita haijui. Mafundi wana kopo lenye kipingamizi cha omu 50 wanalolifunga badala ya antena wanapojaribu redio. Mita inalisoma 1 kamili, alama ya mwanafunzi wa kwanza darasani, na halirushi mawimbi hata ya kuvuka barabara. Kebo iliyooza kwa maji inafanya vivyo hivyo: inakula nguvu ikienda, inakula tena ikirudi, na mita inakusifia. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mshale umeshuka, muulize nguvu imekwenda wapi.

## Hatua ya 5: Tafuta kelele kabla ya kutafuta nguvu

Wengi wanaosema "antena yangu haishiki" antena yao inashika vizuri. Inashika hata chaja ya simu.

Washa redio injini ikiwa imezimwa, chaneli isiyo na mtu, kitufe cha kunyamazisha kelele kikiwa kimefunguliwa chote. Andika mita ya mapokezi, ile ya usoni mwa redio inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia, inasoma ngapi. Washa injini, soma tena. Kisha chomeka kimoja kimoja: chaja ya kwenye kiberiti cha gari, kamera ya kioo cha mbele, taa za LED, feni. Kila kimoja soma, andika, chomoa.

Kama mshale unapanda ukichomeka chaja, umempata mwizi. Sauti ya mtu wa mbali inayokuja dhaifu inazama chini ya hiyo kelele, na antena bora kuliko zote itakuletea kelele nyingi zaidi pia. Chaja za bei ya chee ndizo mbaya kuliko zote. Kikorombwezo bora nilichowahi kukishauri ni kuchomoa kitu.

Mlio unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta unatoka kwenye oltaneta. Peleka nyaya za redio moja kwa moja kwenye betri, chanya na hasi, kila mmoja na fyuzi yake karibu na betri. Ikibaki, ndipo feraiti, zile pete nyeusi za kubana kwenye waya, zinapopata heshima yao: moja kwenye waya wa kifaa chenye kelele, karibu nacho kabisa. Waya ukizungushwa mara tatu ndani ya pete, inafanya kazi kuliko ukipita mara moja.

Umefanikiwa ukiona: mshale haupandi sana kati ya injini ikiwa imezima na ikiwa inanguruma.

## Hatua ya 6: Mjaribu mgeni mmoja kwa wakati

Sasa una antena nzima. Ndiyo asubuhi ya kuleta kikorombwezo, kimoja tu.

Fanyeni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Mchana masafa ya megahezi 27 huingiliwa na sauti za nchi za mbali zinazorudishwa na anga, na upepo wa mchana unaiyumbisha antena.

Mwenzako aegeshe sehemu moja asitoke, tuseme Kizota. Wewe endesha barabara ya Singida kuelekea Bahi mpaka sauti yake ianze kuchanika lakini maneno bado yanasikika. Toka kabisa barabarani, egesha. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi. Kwa mawimbi haya kusogea hata mita mbili kunaweza kubadilisha usikivu kuliko kifaa chochote, na mtu aliyejaribu kabla upande huu wa barabara na baada upande ule amepima barabara.

Kwa nini mpaka sauti ichanike? Kwa sababu mkiwa jirani kila kitu kinasikika vizuri. Tofauti ndogo inaonekana pembezoni.

Sasa toa ile sarafu. Kwa kila raundi, irushe bila mwenzako kujua. Simba: funga kifaa. Kichwa: kifungue. Hata kama kilikuwa tayari kimefungwa, kifungue na ukifunge tena, ili kila raundi mkono wako ufanye kazi ile ile. Kisha hesabu kwenye maiki moja hadi kumi, kwa sauti ile ile, maiki umbali ule ule na mdomo. Mwenzako aandike mita yake inasoma ngapi, halafu akisie: kipo au hakipo. Raundi kumi.

Hilo la kufungua na kufunga ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mara nyingi kinachotibu ni mkono. Mtu anafunga kifaa kipya, katika kufunga anakwangua kutu na kukaza nati iliyolegea, redio inapona, sifa anapewa kifaa. Kitoe uone: kama redio inabaki nzima, ilikuwa nati.

Kwa bahati tupu mwenzako atapatia tano. Akipatia saba usishangilie, kupatia saba au zaidi hutokea kwa kubahatisha karibu mara 17 katika 100. Akipatia tisa au kumi, hiyo ni kama mara moja katika 100, na hapo nakubali kifaa kinafanya kitu. Kinafanya nini, kizuri au kibaya, mtaona kwenye namba alizoandika.

Kuhusu hizo namba: alama moja ya mita ya mapokezi kwa kanuni ni desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Mita za redio nyingi hazifuati kanuni hiyo barabara, lakini inakupa picha. Kifaa kinachotangazwa kuongeza nguvu kwa asilimia 10 hakiwezi hata kuutikisa mshale.

Vifaa vinavyobadilisha urefu, kama springi na kofia ya antena (tutaiona hatua ya 7), haviwezi kupimwa hivi bila kurekebisha upya kila mara. Kwa hivyo andaa fimbo mbili, kila moja imesharekebishwa na hali yake, ubadilishe fimbo nzima.

Umefanikiwa ukiona: daftari lina raundi kumi, na uko tayari kukubali jibu hata kama kifaa kilikugharimu mafuta ya kwenda Kondoa na kurudi.

## Hatua ya 7: Nini cha kutarajia kwa kila kifaa

Springi. Kazi yake ni kuiokoa antena na matawi na geti. Haiongezi umbali. Inaongeza urefu, kwa hiyo rudi hatua ya 4 baada ya kuifunga. Angalia ndani yake kuna mshipi wa shaba unaounganisha juu na chini. Usipokuwepo, umeme unazunguka kwenye kila pindo la springi na urekebishaji wako unahama kila gari likiruka shimo. Springi laini mno nayo inalaza antena mkiwa kasi, na SWR uliyoipima umesimama si ile unayosafiri nayo.

Kiungo cha kuchomoa haraka. Ni kizuri kwa anayeogopa wezi. Hesabu ni ile ile ya urefu, na ongeza usafi wa kila mwezi.

Kidude cha kusawazisha kati ya redio na kebo. Kinabadilisha kile redio inachokiona. Antena juu ya paa imebaki vile vile, na kidude chenyewe kinakula nguvu kidogo. Kinafaa kuilinda redio pale ambapo antena haiwezekani kurekebishwa. Kwa gari lililopita hatua ya 4 halali, hakina kazi.

Kebo nene, au kebo ya "urefu maalumu". Mita tano za RG-58 ya kawaida zinapoteza chini ya nusu desibeli kwenye masafa haya. Nene itakuokolea nusu ya hapo. Na hadithi kwamba lazima kebo iwe futi 18: ukiona SWR inabadilika sana kwa kubadilisha urefu wa kebo, ganda la nje la kebo linafanya kazi ya antena kwa sababu ethi yako ni mbovu. Unajua pa kurudi.

Kofia ya antena, vile vijiti vinavyosambaa juu kama mwavuli. Hii ndiyo ninayoiheshimu. Kwenye antena fupi inasaidia kweli, kwa sababu inalazimisha umeme upande zaidi kwenye fimbo kabla ya kuisha. Lazima uifupishe antena baada ya kuifunga. Na upepo unaipenda, na miti ya njia za vijijini inaipenda zaidi.

Kidonge cha nchani. Ncha kali kwenye hewa kavu ya kiangazi yenye vumbi hutiririsha umeme tuli, unausikia kama mchakacho gari likiwa mwendo. Kidonge cha mviringo kinaupunguza. Kikianguka, kirudishe.

Antena mbili za lori. Ili zisaidiane ipasavyo zinataka kuachana kama mita 2.7, na kichwa cha lori hakifiki hapo. Faida unayobaki nayo ni kuziba kivuli cha boksi la mzigo. Ukizifunga, tumia kebo zake maalumu za omu 75 zinazokutana kwenye plagi moja. Kuunganisha kebo mbili za kawaida kwa kuzisokota hakukubaliki.

Amplifaya. Hiyo si antena. Kutoka wati 4 hadi 16 ni alama moja tu ya mita kwa anayekusikia, na wewe husikii zaidi hata chembe. Utapigiwa kelele na majirani wote wa masafa, na kibali chako hakikuruhusu. Achana nayo.

Stika za dhahabu za "kuongeza mawimbi". Hazijaunganishwa na kitu chochote. Tuendelee.

Kama baada ya yote haya bado unataka umbali zaidi, weka fimbo ndefu zaidi. Fimbo ya sentimita 60 yenye koili chini haitaifikia ya mita 2.6 iliyosimama mahali pazuri, hata ukiivisha nini. Ila ukiwa na ndefu, ifunge kamba kabla ya kuingia mjini.

## Baada ya mvua za kwanza

Weka daftari kwenye boksi la dashibodi. Mvua zikianza Desemba, pima tena chaneli tatu zile zile mahali pale pale. Namba zikipanda, tafuta nati iliyolegea. Zikishuka na kuwa nzuri kuliko ulivyoziacha, na wewe hujagusa kitu, usifurahi. Fungua plagi ya juu, utaona tone la maji likitoka kwenye wavu wa shaba.